Maktaba Haikupatikana

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kwanza ya majaribio maktabani. Nafasi moja, wasichana wawili: mimi na Tabasamu. Tumemaliza shule pamoja. Jina hilo alipewa darasani, maana hutabasamu hata akibanwa kidole mlangoni. Mtu wa namna hiyo ana jambo.

Mkutubi atachagua Ijumaa. Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote. Ni kazi pekee niijuayo ambapo watu huambiwa wanyamaze, na mimi nimenyamaza tangu nizaliwe.

Ametutaka tuweke programu ya kuorodhesha vitabu kwenye kompyuta ya mezani. Ni ya bure, na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Tabasamu akasema ipo iliyokwisha kutengenezwa, tubonyeze tu, dakika tano tumemaliza. Dakika tano! Haraka ya nini? Programu iliyo tayari ni kama gauni la dukani. Mama ni fundi cherehani, ananiambia kila siku kwamba hujui wameficha nini ndani ya pindo. Mimi nitausoma msimbo mstari kwa mstari, kisha niijenge programu mwenyewe. Mkutubi ataona nani makini. Nikamwomba Tabasamu aniachie kazi hiyo. Akakubali bila ubishi. Inatia shaka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimesoma mistari mia mbili na kumi na miwili. Imebaki laki tatu na kidogo. Sijaona chochote cha ajabu, na hilo ndilo linalonitisha. Baada ya chakula cha mchana nikaamua kuiamini iliyobaki. Kwa leo tu.

Nikaanza kujenga. Kwenye kioo kompyuta ikajiuliza yenyewe kama mazingira ya ujenzi yana akili timamu. Ikajijibu: ndiyo. Nani kaiambia? Hatujajuana hata siku mbili.

Kisha ikagoma. Tabasamu akachungulia begani kwangu. "Mwenzangu, hiyo inataka maktaba." Akaeleza kwamba watunga programu huita hivyo mafungu ya msimbo ambayo programu moja huazima kwa nyingine. Fungu moja halimo humu, niliweke kwanza. Akaniandikia jina la fungu hilo kwenye karatasi, akachora na ua pembeni. Ua! Nikaikunja karatasi, nikaitia ndani ya kiatu. Siingii mtegoni.

Nimeibadilisha kompyuta iseme Kiswahili. Kama kuna njama, niisome kwa lugha ya nyumbani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa.

Nilianzisha ujenzi upya, nikaenda kupanga vitabu vya jiografia. Nje, mafundi walikuwa wanajenga chumba cha watoto kusomea, ambacho Mkutubi amekipigania miaka sita. Akapita mezani. Kwenye kioo kulikuwa na maneno makubwa:

MAKTABA HAIKUPATIKANA. UJENZI UMESITISHWA.

Akadhani ni agizo la makao makuu. Alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Nilimsikia akiwaamuru mafundi waweke miko chini. Fundi mkuu akapiga kelele kwamba zege limeshakorogwa. "Mama, hili halingoji barua!" Mkutubi akamjibu kwamba hata yeye hakuambiwa, kaona kwenye kompyuta tu, eti maktaba haipatikani. Miaka kumi na tisa ipo hapa hapa mkabala na posta, leo wameshindwa kuiona!

Mwanzoni nilimshuku fundi mkuu. Kisha nikakiona kioo. Ni ujumbe wa programu yangu. Ilinipasa niseme. Mdomo ukafunguka, pumzi ikatoka, neno likabaki ndani. Nikapanga jiografia mara ya tatu. Zege likaganda kwenye toroli.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mkutubi alipeleka malalamiko makao makuu kwa mkono wake mwenyewe, kurasa nne. Wakamwambia hakuna aliyesitisha kitu. Amerudi amenuna, akauliza ni nani aliyeandika ujumbe ule.

Nikasimama. Nilisimama kweli! Lakini Tabasamu akanitangulia: hakuna aliyeandika, ni programu tuliyokuwa tunaiweka, na maktaba iliyokosekana ni ya ndani ya kompyuta. Alisema "tuliyokuwa". Wingi! Nimehangaika siku tatu peke yangu, leo anataka nusu ya kosa langu.

Nikasema, "Ni mimi." Mkutubi akasikia upepo tu, akauliza nani kafungua dirisha.

Mafundi wakaitwa tena. Tabasamu akabonyeza ile iliyo tayari. Dakika nne, programu inafanya kazi. Ningejua!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nafasi kapata Tabasamu. Nikaenda stoo kulia. Mkutubi akanifuata. Akasema Tabasamu amemwambia hajapata kuona mtu anayesoma kwa uangalifu kama mimi, na ameomba nibaki. Kwa hiyo nimepewa mwezi mmoja mwingine wa majaribio, nibandike namba kwenye migongo ya vitabu, kwa sharti nisiiguse kamwe kompyuta ya mezani. Nikaapa.

Eti amenitetea. Anataka niwe karibu anichunguze vizuri.

Nilipomaliza kulia nikagundua kosa langu liko wapi. Nilisoma msimbo, lakini kile chombo kinachougeuza msimbo kuwa programu nilikipokea kikiwa tayari! Nani alikijenga? Kwa chombo gani? Na hicho nacho, nani alikijenga? Ilinipasa nianzie huko. Mistari yake haina idadi. Nimeshasoma minane.

Kompyuta ya hapa stoo ni kuukuu, imejaa vumbi, lakini inawaka. Sharti lilitaja ya mezani. Hii iko sakafuni.