Profesa Ameniuliza Idadi ya Ng'ombe

Wenzangu wa ofisi ya pamba, leo nimeaibika, na nimeaibika mbele ya watu wenye digrii tatu tatu. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa dereva wa lori aliyetuleta, maana yule lazima ataongeza chumvi.

Mnajua nilivyousubiri usaili huu wa shahada ya uzamili ya uchumi wa fedha. Niliomba mara mbili, mara zote mbili sikuitwa. Mwaka huu jopo la chuo limekuja lenyewe hapa Shinyanga mjini, na nafasi ya huku kwetu ni moja tu. Nikikosa leo, umri hauniruhusu kuomba tena. (Nina mvi mbili. Msizitafute.)

Nimekuja na baba. Sikumwalika. Alisema anataka kuwaona kwa macho yake watu wanaotaka kumrudisha shule mtu mwenye watoto wanne. Nikamwacha kwenye benchi la nje na makatambuga yake ya tairi, nikaingia.

Ndani walikuwa watatu: wanaume wawili wenye miwani, na katikati yao mama mwembamba aliyevaa kitenge. Yule mama ndiye profesa. Jamani, ana akili mpaka anaogopesha. Andiko langu la utafiti hakulifungua. Aliliwekea kiganja juu, akanitajia ya ukurasa wa nne mstari kwa mstari. Nilitamani nikae tu nimsikilize, nisahau kwamba anayesailiwa ni mimi.

"Kwa nini mfugaji ashike ng'ombe, asiweke fedha benki?"

Hapo alinikuta nyumbani. Nikamweleza kwamba bei zinapanda kila msimu na riba haizifikii, lakini ng'ombe anazaa hata shilingi ikishuka. Hatari ni ukame na maradhi, ndiyo maana mfugaji hawaweki wote boma moja. Huwagawa kwa marafiki wa vijiji vya mbali wamchungie. Mmoja wa wale wanaume aliacha kuandika akanitazama. (Nikavimba kichwa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.)

"Na utajuaje kila kaya ina ng'ombe wangapi?"

"Nitawauliza, Profesa."

"Watakujibu?"

"Watajibu. Wafugaji wa siku hizi wameelimika."

"Vizuri. Wewe umeelimika. Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Ndugu zangu, mdomo ulinitangulia. "Wachache tu."

Si mnajua kwetu. Baba anamjua kila ng'ombe wake kwa rangi na pembe, na mmoja asiporudi jioni hali chakula. Lakini idadi haitamkwi. Ukiitamka umeita vifo na watu wa kodi kwa pamoja. Nimelelewa hivyo, na miaka mitatu ya chuo haikuufikia ulimi wangu.

"Wachache ni watano? Hamsini?"

"Ni wa kutosha, Profesa."

Mwenye miwani mmoja akakohoa. Profesa akatazama dirishani. "Yule mzee anayetusikiliza ni nani?"

Nikageuka. Baba alikuwa ameliacha benchi zamani, kidevu kiko juu ya kizingiti cha dirisha.

Akaitwa. Akavua makatambuga mlangoni, akaingia peku, akapiga makofi taratibu, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka." Na yule profesa, ambaye nilikuwa namwogopa hata kumtazama usoni, alisimama, akakunja magoti kidogo, akasema, "Shikamoo baba." Sikujua elimu kubwa kiasi kile inaweza kuinama.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, una ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe? Mimi?" Baba akajitazama miguu. "Mimi masikini, mama. Sina hata mkia."

Profesa akaichukua barua yangu ya maombi, akasoma kwa sauti: "Nimesomeshwa na ng'ombe wa baba yangu tangu darasa la kwanza."

Baba akanigeukia polepole. "Masanja. Umewaandikia?"

Hapo ndipo nilipoisha. Kwa jopo nilikuwa mwongo, kwa baba nilikuwa msaliti. Sikuwa na pa kuweka macho. Niliiona ile nafasi moja ikitoka nje kwa miguu yake, nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Lakini baba alikuwa hajamaliza. "Na wewe mama, kwenu ni wapi?"

"Ushirombo, baba."

"Ee. Na nyinyi mna ng'ombe wangapi?"

Profesa akawatazama wenzake, akatazama meza.

"Wachache tu, baba."

Wenye miwani waliangua kicheko. Yeye akacheka mwisho, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akachukua kalamu, akalipiga andiko langu mstari kutoka kona hadi kona.

"Hili halifai. Baba yako hakujibu, wewe hukujibu, na mimi sikujibu. Niandikie utakavyoijua idadi bila kuuliza. Tunaondoka keshokutwa asubuhi. Ukileta lenye maana, nitalisoma."

Basi niko hapa nyumba ya wageni naandika upya, na baba amekaa kitandani analinda nisitaje idadi ya kwetu. Kazi ni ngumu, lakini aliyenipa ni yule mama, na sijawahi kutamani kazi kama hii.

Nawaomba msicheke. Na atakayeniuliza leo nimepata alama ngapi, jibu analijua: chache tu.