Pilau kwa Waya wa Simu

Stambuli hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Stambuli alikuwa akifunguliwa. Siku hiyo, kwa muuza kahawa wa Changamwe, mlango uliofunguka ulikuwa mdomo wa Mzee Jaffar, mwenye malori, bahili ambaye yasemekana akikupa salamu hubakisha nusu.

"Namuoza binti yangu mwezi ujao," Jaffar alilalama, "na hawa wapishi! Wataka ujira, wataka ngozi, wataka na kichwa cha ng'ombe. Nimuoze mwanangu au niwaoze wao?"

Stambuli akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeguswa na mawaidha.

"Shikamoo mzee. Mimi nimepika Maskati hata nikachoka kupika. Ujira siutaki. Nataka thawabu."

Moyo wa Jaffar ukaruka. Thawabu ndiyo sarafu pekee aliyokuwa tayari kuitoa bila kuihesabu.

"Basi Ijumaa nina wakwe. Nitakuletea mbuzi na mchele, upike pilau kwako, uje nayo baada ya sala. Wakwe wakiisifu, harusi yote yako: ng'ombe, magunia, madebe ya samli, nikushushie kwa lori."

Lori hilo Stambuli alikwisha kuliona limepotea njia, ng'ombe wameuzwa Mariakani, na yeye yuko Tanga anamenya machungwa. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: Maskati aliijua kwa kuisikia redioni, na tangu azaliwe hajachemsha hata yai.

Lakini Mungu hamtupi mja wake, hata mja wa aina hiyo. Stambuli alikuwa akilala Chaani katika nyumba ya Dishon, karani aliyekwenda likizo bara na kumwachia ufunguo amwagilie maua. Maua yalikauka. Kilichonawiri ni simu. Na katika duka la mtaani, juu ya gunia la maharagwe, palibandikwa tangazo: *Jifunze mapishi kwa simu. Mwanafunzi jikoni kwake, mwalimu kitandani kwake. Bi Tima.*

Ijumaa asubuhi Stambuli akauvuta waya hadi jikoni, akakaza koo na kutoa sauti nyembamba ya mwari, maana alisikia Bi Tima hafundishi wanaume.

"Shikamoo mwalimu. Naitwa Kafedha, ni bi harusi mpya, nifunze pilau ya mbuzi. Ada yako ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Fedha sitaki. Ada yangu ni kionjo. Simu hupitisha sauti, haipitishi ladha. Ukimaliza nitamtuma Matano na mkokoteni, nionje nikusahihishe."

Stambuli akamwelekeza nyumba, nusura acheke kwa sauti yake halisi. Mwalimu wa kulipwa kijiko! Aliona haya, kidogo, kumdhulumu mtu mjinga kiasi hicho.

"Na unampikia nani, Kafedha?"

"Wakwe wa Mzee Jaffar, mwenye malori! Leo baada ya sala. Wakiipenda, harusi yote ni yangu."

Upande wa pili Bi Tima alisikika akijiegemeza vizuri kwenye mto.

"Vyema," akasema Bi Tima. "Kaanga vitunguu. Niwekee simu karibu nivisikie."

Stambuli akainamisha mkono wa simu juu ya sufuria, machozi yakimtiririka.

"Hivyo bado vyeupe, vinapiga kelele za kitoto. Ngoja vinyamaze. Haya, tia thomu. Tia bizari. Sasa nyama."

Nyama ikaingia. Bi Tima akasikiliza.

"Kafedha."

"Abee."

"Mbuzi huyo ni mzima?"

"Wallahi mzima, mwalimu!"

"Mbona anatokota kama kuku? Mbuzi mzima ana kishindo. Hebu rudisha ulichoficha."

Stambuli akaitazama simu kama iliyoota macho. Paja la mbuzi lilikuwa chini ya karai, likingoja jioni. Alilirudisha kwa uchungu wa mfiwa.

Mchele ukaingia, maji yakakauka, akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko kama alivyoambiwa. Matano alipobisha hodi na mkokoteni wake, Stambuli akachukua kijiko na sahani.

"Usifunue!" simu ikafoka. "Pilau ikifunuliwa kabla ya kutulia huharibika, na wakwe wataijua. Mpe sufuria kama lilivyo. Nionje, nilifunike, alipeleke kwa Jaffar. Wewe kaoge, unanuka moshi."

Vipi alijua ananuka moshi? Stambuli hakujiuliza. Mtu mjanja hana nafasi ya kujiuliza vitu vidogo.

Alifika kwa Jaffar akiwa na kanzu safi, ananukia udi. Wakwe walikuwa wameketi kwenye jamvi wanalamba vidole, na katikati yao bibi mnene wa buibui, sufuria lenye masizi ubavuni pake.

"Stambuli, umechelewa," akasema Jaffar. "Bi Tima ameshatupikia. Kasema wewe huwa unamkorogea tu."

"Mzee, huyu mwongo! Pilau hii—"

"Ni tamu," akakatiza mkwe mkubwa. "Ila paja hili gumu kuliko nyama nyingine. Limetiwa baada ya wenzake. Kwa nini?"

Jaffar akaacha kutafuna. Yeye ndiye aliyetoa mbuzi.

"Swali zuri," akasema Bi Tima kwa upole. "Ajibu aliyepika. Nani kaipika, Stambuli? Wewe?"

Lori, ng'ombe na samli vilikuwa nyuma ya neno moja, ndiyo. Paja nalo lilikuwa nyuma ya neno hilohilo. Jaffar alimkazia macho.

"La," akasema Stambuli, jasho likishinda udi. "Mimi nakoroga tu."

"Mbuzi huyo alikuwa na mbio," Bi Tima akamweleza mkwe. "Paja la mkimbiaji huchelewa kuiva."

Wakwe wakacheka, wakadai mama huyuhuyu ndiye apike harusi, na ujira wake ni upi? Mbele ya wakwe, Jaffar angesemaje? Akaukubali ujira, ngozi, na kichwa cha ng'ombe, uso umemwiva kama tambuu.

Stambuli aliletewa ukoko kwenye kisahani. Akautia kinywani, akasimama kutafuna. Ilikuwa pilau ya kweli, tena nzuri, kazi ya kwanza ya halali maishani mwake, na hakuwa na mtu duniani wa kumwambia.

Kutoka kwenye jamvi Bi Tima akaita, bila kugeuka:

"Kafedha!"

"Abee," akaitika Stambuli, kabla hajajizuia.

"Sufuria hilo. Lisugue kwa mchanga."