Mlango wa Ajira Uko Wazi

Mwakilishi wa Waziri, mwakilishi wa mwakilishi huyo ambaye naye amekwama njiani, waheshimiwa mliokaa kivulini, washauri waelekezi, waajiri mliofika, waajiri mliokataa kufika, na ninyi wapendwa wetu watafuta kazi mliosimama juani tangu asubuhi kwa utulivu unaoonyesha kwamba kusubiri mmekuzoea: itifaki ichukuliwe kuwa imezingatiwa, na ambaye sijamtaja ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. (Makofi, hasa kivulini.)

Mimi, kama Mratibu Mwandamizi wa Uratibu wa Ajira, nasimama mbele ya mlango huu mwekundu wa chuma, mlango wa Kituo cha Kukutanisha Waajiri na Watafuta Kazi, nikiwa na furaha ya mtu aliyeliona jambo hili tangu likiwa wazo, na wazo lenyewe, bila kujisifu, lilikuwa langu. Soko la ajira ni gumu. Utafiti wetu, uliofanywa na sisi kuhusu sisi, umebaini kwamba asilimia mia moja ya wanaotafuta kazi hawajaipata, na asilimia iliyobaki wamechoka kutafuta. (Kicheko.) Msicheke, hizo ni data.

Changamoto, kwa mtazamo wa kimkakati, ipo pande zote mbili za paiplaini. (Sauti ya mwenye karakana ya milango, aliyesimama karibu mno na ule mlango: "Mimi nafasi ninayo, Mheshimiwa! Msaidizi wangu kaacha kazi, nataka mtu wa kuchomelea leo hii. Ila wanaokuja wote hawana uzoefu.") Asante sana, mdau. (Sauti ya dada mwenye miwani ya kuchomelea kichwani: "Na huo uzoefu unauzwa duka gani, mjomba? Chuo nimemaliza, cheti ninacho, kila karakana naambiwa rudi ukiwa na uzoefu. Mtoto nimemwacha kwa mama, na mama kasema leo nikirudi mikono mitupu, basi kesho nikafue nguo za watu, habari ya ufundi niisahau!" Makofi, ya juani.)

Binti yangu, hiyo ni fidibeki nzuri, imepokelewa na itaingizwa kwenye mchakato. Ndugu wananchi, mmejionea: huyu ana nafasi hana mtu, yule ni mtu hana nafasi, na kati yao pana pengo ambalo bila taasisi haliwezi kuvukwa. (Wawili hao wanatazamana. Mwenye karakana anakuna kichwa.) Jamani, msitazamane bila utaratibu! Kwanza mtaingia kupitia mlango huu, mtajisajili kwenye mfumo, mfumo utakaporudi. Mtapewa semina ya kuandika sivii na ya kujiamini kwenye intavyuu, na waajiri nao watapewa semina ya kujiamini wanapomkataa mtu. Ndipo kamati itakaa, itanyanyuka, na itakaa tena. (Sauti: "Nafasi zenyewe ziko ngapi?") Nafasi? Nafasi zipo! Tazameni nyuma ya mlango, nafasi inaanzia hapa hadi kwenye ukuta wa jirani, lori linageuza bila shida. (Sauti: "Si uwanja mtupu huo?") Ndiyo nafasi yenyewe!

Sasa, kwa mamlaka niliyopewa, nakata utepe na kufungua. (Anasukuma. Mlango haufunguki. Mwenye karakana: "Unavutwa, Mheshimiwa! Taratibu na mlango wangu!" Mratibu anasukuma kwa bega. Bawaba inakatika, mlango unainama upande, na nyuma yake anaonekana mbuzi akitafuna majani. Kicheko kikubwa.) Huyo mbuzi ni wa awamu ya pili.

(Mwenye karakana, mikono kichwani: "Mungu wangu, na alasiri unatakiwa kwingine!" Anamgeukia dada: "Unaweza kuichomelea hiyo bawaba?" "Niwashie mashine uone." "Uzoefu?" "Wa kukataliwa ninao wa kumwaga." "Haya, mashine iko kwenye gari. Ikishika, kazi ni yako." Waya wa spika unachomolewa kwenye jenereta, wa mashine unachomekwa.) Nani amekata maiki? Haidhuru, sauti ya uongozi haihitaji umeme! (Cheche. Watu wote wanamwangalia dada. Mwenye karakana anautikisa mlango, anautikisa tena, anacheka. "Imeshika! Umeajiriwa, mwanangu!" Vigelegele. Dada anavua miwani, anafuta macho, anasema ni moshi.)

Waandishi wa habari, andikeni: kituo hakijamaliza hata kuzinduliwa, tayari kimeajiri! Tulianza na sifuri, sasa tuna mmoja, na wataalamu wangu wananinong'oneza kwamba ongezeko la namna hiyo halina asilimia ya kulipima. Nikisema mlango, semeni wazi. Mlango! (Juani: "Wazi!") Nafasi! (Juani: "Tupu!") Hapo mmekosea kidogo, lakini ari nimeiona.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mshauri mwelekezi kwa ramani nzuri ya kituo, ambayo ingetusaidia sana kama kituo kingejengwa; nawashukuru waliopaka mlango rangi nyekundu leo, kama walivyoupaka kijani wiki iliyopita ulipokuwa maktaba; na kwa namna ya pekee namshukuru mwenye karakana kwa kutukodisha mlango wake kwa mara nyingine, akijua fika kwamba alasiri hii unatakiwa kupakwa nyeupe ili ukazinduliwe kama zahanati. Asanteni kwa... Binti! Wewe binti! Simama kwanza, sijamaliza hotuba! Mnakibeba kituo mnakipeleka wapi?

(Dada, bega moja chini ya mlango, bila kugeuka: "Kazini, Mheshimiwa. Tumechelewa.")