Mikeka ya Bi Muhsina Nje ya Lango

Matrah, Maskati
Disemba 1970

Kwa Sheikh Aflah, Msimamizi wa Skuli ya Wasichana,

Baada ya salamu na kukuulizia afya yako, nnakuandikia kwa adabu zote kumshitaki Bi Muhsina, yule mwalimu aliyetoka Unguja kama sisi.

1. Skuli ilipofunguliwa, wasichana weusi tisa walirudishwa kwa sababu hawajui Kiarabu. Wajukuu zangu wawili hawakijui pia, lakini walipokelewa, maana kutojua kwao ni kwa watu wenye nasaba. Jambo lilikuwa limekwisha. Bi Muhsina akatandika mikeka nje ya lango, akawasomesha hao tisa juani siku kumi na mbili, huku akimuuliza kwa upole kila mzazi anayepita tofauti ni nini. Tena mbele za watu!

2. Nilimwendea mwenyewe. Nilimweleza kuwa Kheiria, binti wa mpishi wangu, mmoja wa hao tisa, ana kazi za kumtosha jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitilia kahawa, kisha akasema, "Sheikh Thabit, nipe sababu moja unayoweza kumwambia Kheiria usoni." Nilikunywa kahawa nikaondoka. Ndivyo anavyohishimiwa mtu mzima?

3. Siku ya kumi na tatu ukawafungulia lango. Sasa Kheiria ni wa kwanza darasani. Wajukuu zangu wanafuata, kwa mbali sana.

4. Wakisoma wote, tutamdharau nani, na kwa hoja gani? Kwa hivyo nnaomba usawa wa kweli: skuli ifungwe kwa wote, turudi tulivyokuwa, kila mtu na ujinga wake. Ikishindikana, Bi Muhsina ahamishiwe mahali pasipo watoto.

Nisalimie mkeo Bi Mahfoudha, watoto, na kila anayeniulizia.

Mimi mwenye masikitiko,
Thabit bin Amur

Baada ya sahihi: Macho yangu hayaoni tena herufi, na wajukuu zangu, nilipowapa kalamu waniandikie, walichoka kwenye jina lako. Barua hii nimemtajia Kheiria, ameiandika yeye. Nilipotaja neno la zamani tulilokuwa tukiwaitia watu wa kwao, aliweka kalamu chini akasema, "Hilo siliandiki, Bwana." Tukaliruka. Niliyoomba juu nnayafuta: nnaomba asitolewe skuli, na Bi Muhsina abaki alipo. Sasa Kheiria ananiuliza kama barua ipelekwe. Nimemwambia aamue yeye.