Vipimo vya Mzee wa Bonde

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, unafunguliwa tarehe ishirini na tano. Mwaka huu bahati nasibu ya jimbo imenipa kibali cha dume. Nimeomba tangu binti yangu yuko shule ya msingi. Sasa ana watoto wake. Nikimkosa dume safari hii, kibali kingine watanipelekea kaburini.

Bunduki ninayo, mpya, inayotumia aina ya risasi iliyotoka juzi juzi. Risasi zenyewe hamna. Lavonne wa duka la bunduki anasema labda Januari. Si neno. Mimi hujaza risasi zangu mwenyewe gerejini. Maganda yapo, baruti ipo. Nikafungua kitabu cha vipimo vya baruti. Kitabu kimezeeka kuliko risasi! Haimo.

Shemeji yangu Orrin, kaka wa mke wangu Marlys, anasema nichukue bunduki ya marehemu baba yao. Risasi zake zinauzwa hata kwenye vituo vya mafuta. Lakini bunduki hiyo niliidhihaki mbele ya kanisa zima, kwenye pikiniki ya Agosti. Afadhali nife.

Jumanne, 7 Oktoba

Kuuliza si ujinga, wanasema. Nimeuliza kwenye jukwaa la wajaza risasi mtandaoni. Mmoja kanijibu nijaze kama ile risasi ya zamani inayofanana nayo. Mwingine kasema nikifanya hivyo nitatafuta jicho langu kwenye nyasi. Wa tatu anacho kipimo safi kabisa, ila ni siri yake. Watu hawa! Wanaficha gramu za baruti kama wanavyoficha mahali pa kuvua samaki.

Marlys ameuliza kwa nini nisiwapigie simu wenye kiwanda cha baruti. Nimemwambia mambo haya ni ya kitaalamu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata akili! Mjaza risasi hakupi jibu hata umlilie. Lakini akiona kosa la mwenzake, hapati usingizi mpaka alisahihishe. Basi nimejiandikisha upya kwa jina la Mzee wa Bonde. Nimetangaza kwamba nimejaza risasi hii miaka miwili, nikataja kipimo cha uongo. Nilikitoa kwenye ubao wa nyimbo kanisani: namba ya wimbo wa pili. Sasa nasubiri kusahihishwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuna aliyenisahihisha. Wamenishukuru. Jamaa mmoja wa Idaho anasema hata yeye hutumia kipimo hicho hicho na kinapiga vizuri ajabu. Mwongo mkubwa! Au je? Nimekaa nikifikiri, pengine nimebahatisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Kahawa baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Orrin alikuwa na sahani ya viazi na nyama ya kusaga, uso unang'aa. Akaanza kusimulia kuhusu mzee fulani mtandaoni, mtu mzito, hana maneno mengi. Nikauliza kama anamwamini. Akasema mtu wa hivyo unamjua tu kwa uandishi wake. Nakiri, moyo wangu ulifurahi. Orrin hajawahi kunisifu tangu nimuoe dada yake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku yangu ya kuzaliwa. Nimerudi kutoka kazini, bunduki haipo kabatini. Marlys akasema nisimharibie Orrin jambo lake: amenijazia risasi kama zawadi, kwa kipimo cha yule mzee, na ameenda kuzijaribu kwenye uwanja wa shabaha.

Sikumbuki nilivyoendesha gari. Nilikuwa nawaza macho ya Orrin tu. Ananiudhi kila siku ya Mungu, lakini nampenda, na nilikuwa nalia barabarani.

Nikamkuta amekaa kwenye benchi, mzima, anagonga komeo la bunduki kwa nyundo ya mpira. Yeye huanza chini sana ya kipimo, kama alivyofundishwa na baba yake. Hata hivyo, baruti ilizidi, na risasi ya kwanza tu komeo likakwama.

"Shemeji," akasema, "yule mzee wa mtandaoni ni mwendawazimu. Ningeanza alipoanzia yeye, ungenizika leo."

"Mtandao siku hizi," nikasema, "umejaa matapeli."

Bunduki iko kwa fundi mpaka Desemba. Usiku nimeandika kwa jina la Mzee wa Bonde, kwa herufi kubwa: kipimo kile ni cha uongo, nilikibuni, asikitumie mtu yeyote. Njia ya mwongo ni fupi. Nimechoka mwili na roho.

Jumamosi, 25 Oktoba

Theluji kidogo. Nimempata! Dume, pembe kama mti. Risasi moja, kwa bunduki ya marehemu baba mkwe. Orrin alinisaidia kumpakia kwenye gari. Kutwa nzima hakutaja pikiniki ya Agosti. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Jumapili, 26 Oktoba

Marlys aliwapigia wenye kiwanda bila kuniambia. Mama mmoja kamsomea kipimo chote kwenye simu, kwa dakika tano. Sasa Marlys yuko jikoni anakipigia mluzi kama wimbo wa kanisani.

Nimefungua jukwaa nifute jina la Mzee wa Bonde, yaishe. Nikakuta wameandika kurasa na kurasa. Wanasema hawajawahi kuona mtaalamu muungwana hivyo, anayekubali kosa hadharani. Orrin naye yumo, ameandika kwamba amemsamehe. Wenye jukwaa wananiomba niwe msimamizi wa sehemu yote ya risasi mpya, kwa kuwa ninaaminika.

Nimekubali. Swali la kwanza limeshaingia, kuhusu risasi itakayotoka mwakani. Sijawahi kuisikia. Nimewaambia wanipe mpaka kesho.