Ugawaji wa Nyayo kwa Kufuata Vyeo

Idara ya Bustani za Umma ilikuwa na furaha kuwatangazia wananchi kwamba pampu yake mpya ya maji imeibwa, na kwamba uchunguzi umekamilika kabla haujaanza. Mwizi ni mtunza bustani. Ushahidi: ndiye pekee aliyekutwa na udongo miguuni.

Tangazo lilibandikwa saa mbili asubuhi. Saa tatu akafika mchunguzi wa nyayo wa polisi, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, ambaye wenzake walimwita Rula kwa sababu hakuachana na rula yake hata akila. Mtunza bustani alikuwa amekaa chini, pingu mkononi, akiwaonea huruma maua yaliyokanyagwa. Sajenti alisema mzee atapelekwa mahabusu saa sita, isipokuwa nyayo ziseme vingine.

"Mwanangu," mzee akasema, "mimi navaa ndala. Hapa wamepita watu wa viatu."

Rula akapiga magoti, akapima, akamimina plasta. Moyo ukamdunda kwa raha. Nyayo zilikuwa wazi kama barua: viatu vikubwa na viatu vidogo, sambamba. Wakati wa kuingia zilikuwa nyepesi, wakati wa kutoka zimezama, mpaka zilipokutana na alama za matairi. Watu wawili waliingia mikono mitupu, wakatoka na kitu kizito. Aliamini kabisa kwamba ukweli ukisemwa kwa adabu hupewa kiti.

Kumbe katika Idara hakuna kinachokaa bila mwenyewe. Mkurugenzi aliitisha kikao cha dharura palepale kwenye nyasi, ajenda ikiwa moja: kugawa nyayo kwa kufuata vyeo. Haikubaliki, walikubaliana wakuu wa vitengo, nyayo kubwa kumwendea mdogo. Mkuu wa stoo, aliyejaliwa mguu mpana, alisimama akauombea radhi.

"Hizo kubwa ni zangu," Mkurugenzi akasema, akiitazama nakala ya plasta kama anayetazama picha yake ya harusi. "Hatua ya namna hii haimtoki mtu wa kawaida."

Wakapiga makofi. Akatia sahihi kwenye daftari la ugawaji. Nyayo ndogo, kwa huruma ya Idara, akapewa mtunza bustani.

Rula alihisi machozi yanamlenga. Saa sita kasoro dakika kumi. Akampa Mkurugenzi shikamoo, akaomba kueleweshwa jambo dogo tu: mbona mheshimiwa alipotoka alikuwa mzito kuliko alipoingia?

Mkurugenzi alicheka kwa upole. Majukumu, alieleza. Kiongozi hawezi kutoka kazini akiwa mwepesi. Wakuu wa vitengo wakaandika.

Hapo dereva wa Mkurugenzi, aliyekuwa ameegemea gari akichokonoa meno, akanyoosha mkono. Miaka ishirini amekuwa akirukwa: nyumba za watumishi walipewa wengine, koti la mvua likapewa mlinzi. Leo asingekubali.

"Samahani, bosi. Hizo ndogo ni zangu. Unampaje huyu mzee na hata hakuwepo? Pampu si tulibeba mimi na wewe mpaka kwako? Mgongo mpaka sasa unaniuma."

Mkuu wa stoo aliinama akaitazama miguu yake kwa shukrani.

Sajenti akamfungua mzee pingu, akamsogelea Mkurugenzi, ambaye ghafla alikumbuka kwamba nyayo zile hazifanani naye hata kidogo. Tena zina upande mmoja uliolika, na yeye hutembea wima. Akadai daftari ili afanye marekebisho.

Karani aliyeshika daftari la ugawaji alisikitika sana. Marekebisho yanaruhusiwa, alisema, ila mwombaji hufika ofisini mwenyewe, siku za kazi, akiwa amevaa viatu vilivyotajwa kwenye daftari.

Sajenti naye alisikitika. Viatu vile, kuanzia sasa, ni kielelezo. Akamwomba Mkurugenzi avivue, na Rula akamshika kiwiko asije akaanguka.