Kamera Inayochungulia Shali

Yakub Dagane,
Dalali wa Ngamia,
Mtaa wa Iftin, Garissa.
14 Septemba 1998

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama wa Soko la Mifugo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Asalaam aleikum. Najua wewe ni abti yangu, kaka wa mama yangu tumbo moja, na haya ningeweza kukuambia nyumbani tukinywa chai. Lakini kadi yangu ya udalali imeshikwa kiofisi, nami nalia kiofisi. Bila kadi hakuna mtu sokoni anayenipa mkono, na dalali asiyepewa mkono ni mtu tu aliyesimama juani. Naomba nirudishiwe kadi yangu, na ile kamera mliyoitundika kwenye nguzo ya lango ishushwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Kamera haiulizi. Zamani tulikuwa na mlinzi, Mzee Noordin, ambaye ukitoka na mbuzi alikuuliza ni wa nani, umempata wapi, na mama yako anaendeleaje. Mwizi gani angestahimili maswali hayo? Kamati ikampumzisha kwa kuwa kamera haili wala haiendi kuswali. Mwezi uleule Bi Lul aliibiwa mbuzi watatu. Kanda ipo, nimeitazama: wanatoka taratibu, mchana kweupe. Kamera iliwaona mwanzo hadi mwisho, na haikupiga hata ukelele mmoja.

2. Mwizi hufunga uso kwa kilemba. Mwaminifu hutembea uso wazi. Kwa hiyo kanda zenu zimejaa sura za waaminifu peke yao. Askari wenu Dekow, anayekaa na ile televisheni, akitafuta mshukiwa, anatupata sisi.

3. Tarehe saba nilikuwa nikimuuza ngamia jike wa Bi Sahro, mjane, kwa Salah, mfanyabiashara wa Elwak. Kama walivyofanya babu zetu, nilimshika mkono chini ya shali tukapatana bei kwa kuminyana vidole, kila kidole na kiasi chake cha pesa, ili walio kando wasijue. Dekow akaona kwenye televisheni wanaume wawili wameshikana mikono ndani ya shali robo saa nzima, hawasemi kitu, wanatikisa vichwa. Akaamua ni bangi. Akaja mbio na filimbi, akaivuta shali mbele ya soko zima. Wallahi, abti, niliona haya kama nimevuliwa kikoi. Alhamdulillahi tulikuwa tumeshakubaliana, na Salah akaondoka na ngamia kwa ahadi ya kutuma malipo.

4. Kadi ikachukuliwa mpaka nieleze kwa maandishi vidole vilisema nini. Siwezi. Neno la chini ya shali ni amana, na dalali anayetoa amana hadharani afadhali akauze maji. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukaandikwa kuwa kosa la pili.

5. Sasa madalali wote wamehamia nyuma ya machinjio, mahali kamera haifiki. Wezi walishahamia huko kitambo, na wanalalamika kwamba tunawabana. Mbele ya kamera, kwa kweli, uhalifu umekwisha, nami naipongeza kamati. Hata soko limekwisha.

Naomba ieleweke kwamba kazi yetu haihitaji jicho la mashine. Mungu anaona, na mwanaume akishaminya ameminya. Miaka ishirini na miwili sijamwona mtu akikana kidole chake. Ikiwa haiwezekani kuishusha kamera kwa sababu wafadhili watauliza, basi ivikwe shali kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Shali nimeshanunua, mpya, ya rangi ya heshima.

Nisalimie mke wako, Bi Fatumo, pamoja na watoto wote, wakubwa kwa wadogo, na wanakamati mmoja mmoja. Hata Dekow msalimie. Mwambie sina kinyongo naye, isipokuwa kile cha tarehe saba.

Ni mimi mpwa wako, niliye juani,
Yakub Dagane

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, dereva wa lori ameleta malipo kutoka Elwak, pamoja na ujumbe wa Salah. Anasema aliminya vidole vitatu. Abti, vilikuwa vinne! Vinne, nimeandika kwa mkono wangu, na umsomee yeyote atakaye kusikia. Bi Sahro amekaa hapa mlangoni kwangu, hanijibu salamu, anadhani kidole cha nne nimekila mimi. Nakuomba kanda ya tarehe saba itazamwe leo hii, kabla ya swala ya alasiri. Na kama shali imeficha mikono, naomba kamati iwaandikie wafadhili watuletee kamera ya pili, ndogo, ya kukaa ndani ya shali.